Swift Sport ya manyuo: miaka miwili kwenye kona za Lushoto

Kutoka njia panda ya Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33, na ndani yake hupati kipande cha kukanyaga mafuta ukahesabu hadi ishirini kabla kona nyingine haijakufikia. Upande mmoja jabali, upande wa pili korongo lenye mto chini, katikati lami nyembamba ambayo ukikutana na Fuso la kabichi lazima mmoja wenu ajibanze. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku juu. Barabara hiyo naipita kila wiki, na nimeipita ndani ya magari ya kila aina: Kosta ya abiria, pikapu ya shule, IST ya mume wangu, Altezza ya shemeji yangu. Huu ni mwaka wa pili naipita na Suzuki Swift Sport ya mwaka 2007, ya njano, manyuo, yaani gia tano za mkono.

Naandika kwa ajili ya mtu anayependa kuendesha gari kama mwingine anavyopenda kucheza mpira, na mshahara wake ni huu huu wetu. Mtu huyo hana wa kumsikiliza. Ukiingia yadi za Dar utaulizwa unataka gari la familia au la biashara. Mimi nilisema nataka gari la kuendesha, muuzaji akanitazama: "Kwani mama, si yote yanaendeshwa?" Si yote. Mengine yanakubeba tu, wewe umekaa mbele kama abiria aliyeshikishwa usukani.

Langu nilinunua mkononi, tayari lina namba za hapa, kwa milioni 11 na laki mbili. Kuliagiza mwenyewe Japani nilipiga hesabu nikaacha, kwa sababu gari likishavuka miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na Swift Sport za umbo hili zilitoka kati ya 2005 na 2010, kwa hiyo hakuna ambayo ingesalimika. Aliyeniuzia aliapa kwamba shokapu zote nne ni mpya. Siku ya kwanza napanda kutoka Mombo, nyuma ikaanza kupwayapwaya kwenye kila kona. Fundi wangu wa Korogwe akazifungua za nyuma, akazifuta kwa kitambaa chenye petroli. Rangi nyeusi ikatoka yote kwenye kitambaa, kutu na oili iliyovuja vikabaki. "Mwalimu, hizi zimepakwa rangi tu ili uzione mpya," akaniambia. Laki nne na nusu nyingine ikaondoka hapo. Mpaka leo nikikumbuka kile kiapo nakereka, maana anayedanganya kuhusu shokapu hajui mwenzake anaishi kwenye barabara gani.

Shokapu zilipokaa sawa ndipo nililijua gari nililonunua.

Ukikaa, kiti kinakushika mbavuni, hukai unajizuia kwa goti mlangoni kila kona. Klachi ni nyepesi na inashika mahali pale pale kila siku, kwa hiyo mguu unazoea ndani ya wiki moja. Mkono wa gia una safari fupi. Kutoka ya tatu kwenda ya pili ni kiganja tu kinachorudi nyuma, bega halijui. Injini yake ni M16A, cc 1,586, nguvu za farasi 125, na nguvu hizo haziji bure: kilele chake kipo mizunguko 6,800 kwa dakika. Chini ya 3,500 ni kigari cha kwenda sokoni. Ukivuka 4,000 sauti inabadilika, inakuwa nyembamba na kali, na gari linaanza kuvuta kwa hamu. Maana yake ukitaka mlima uende vizuri lazima upangue gia kwa wakati wake. Kuna watakaoliita hilo kasoro. Mimi nasema hapo ndipo raha ilipo, kwa sababu gari linakudai ufanye kazi yako, na ukiifanya vizuri unasikia jibu lake papo hapo.

Nichukue kona moja tu, ipo kabla hujafika Soni, ya mkono wa kushoto, inapanda na inazidi kubana kadiri unavyoingia. Nashika breki mapema gari likiwa limenyooka. Pua inainama, uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinang'ata lami. Nashusha hadi ya pili kabla ya kona. Nikigeuza usukani gari zima linageuka kwa pamoja. Halitangulizi pua halafu kiuno kikafuata baadaye, kama inavyofanya IST. Kona inapobana, sigeuzi zaidi. Nainua kidogo tu mguu kwenye mafuta, nyuma inakuwa nyepesi, na pua inajiingiza ndani yenyewe, taratibu, kama mtu aliyeguswa bega. Nikiona mwisho wa kona narudisha mafuta. Yote hayo ni kilomita 40 kwa saa, 45 nikiwa peke yangu na barabara ni kavu. Usukani wake ni wa umeme, na magari mengi yenye usukani wa umeme yanaficha habari za tairi, lakini huu bado unakuambia: ukianza kupoteza mshiko mbele, unalegea mkononi kabla tairi hazijalia.

Hiyo 40 ndiyo hoja yangu yote. Vijijini mwisho wa mwendo ni 50, na trafiki na tochi zao wapo. Barabara kuu ina malori, ng'ombe, bodaboda bila taa na watoto wanaotoka shule. Gari ambalo haliamki mpaka ufike 130, hapa kwetu ni gari la faini, au la msiba. Anayependa kuendesha anahitaji gari linaloishi kwenye mwendo ambao sheria na watembea kwa miguu wanaweza kuuvumilia. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutafuta ni wepesi, nguvu baadaye.

Swift Sport ina kilo 1,060 hivi. Hesabu ya uzito nimewapa wanafunzi wangu ubaoni mara nyingi. Kutoka Lushoto kushuka Mombo unapoteza kimo cha karibu mita 1,000. Gari na watu wawili na mizigo yao, tuseme kilo 1,200. Zidisha kwa 9.8, zidisha kwa 1,000, unapata karibu jouli milioni 12. Nishati hiyo haipotei. Lazima iwe joto mahali fulani. Inatosha kuchemsha karibu ndoo mbili za lita ishirini za maji baridi ya huku kwetu. Sehemu inachukuliwa na upepo na tairi, sehemu na injini ukiwa umeshusha gia, inayobaki inaingia kwenye breki. Chukua gari la tani mbili na nusu, joto ni mara mbili na zaidi, na diski zake si kubwa mara mbili. Wale mnaokaa Mombo mnaijua ile harufu ya breki zilizoungua asubuhi za siku za gulio.

Marehemu baba yangu alishusha mboga kwa Bedford kwenye barabara hii hii nikiwa mdogo, na neno lake lilikuwa lile la madereva wote wa zamani: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Alikuwa hajasoma fizikia. Nilipofika chuo nikafundishwa uhifadhi wa nishati, nilimwona yeye mkono uko kwenye gia, mguu mbali na breki, injini inaguna, na mimi katikati ya matenga ya peasi. Ndiyo sababu nataka gari la manyuo, na sioni kuwa ni mambo ya kizamani. Gia za mkono zinakukabidhi mlima. Otomatiki nyingi za mtumba zina gia nne, zinachagua zenyewe, na nyingi huchagua vibaya katikati ya kona.

Najua swali linalokuja: kwa nini si Altezza? Vijana wengi wanaopenda gari hapa Tanzania ndoto yao ni Altezza, na wana sababu. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, umbo lake bado linavutia, na RS200 ya manyuo ina gia sita na injini ya 3S-GE ya nguvu 210 ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza. Ilipotoka ilichukua tuzo ya gari la mwaka la Japani, 1998 kuingia 1999. Lakini nyingi unazoziona barabarani si hiyo. Ya shemeji ni AS200, lita mbili silinda sita, otomatiki, tani 1.3 na ushee. Inanguruma vizuri, inakaa vizuri kwenye lami iliyonyooka kutoka Korogwe kwenda Segera, na mafuta inakula bila huruma. Kwenye kona za Soni nilihisi naisukuma kabati. Na siku ukungu umeshuka na udongo mwekundu umetapakaa lami kutoka mashambani, nyuma inateleza mapema na haina adabu ya kukuonya. Ukipata RS200 ya manyuo isiyochoshwa, nunua, sitabishana na wewe. Kuipata hiyo ndiyo kazi, na bei yake si ya mshahara ninaouzungumzia.

Toyota 86 iliyotoka 2012 ilikusudiwa watu kama sisi, nyepesi kiasi na ya manyuo, ila bei yake sokoni inaanzia pale akiba zetu zinapoishia. Mazda Roadster, ile ya kwanza ya 1989, ni chini ya tani moja, nadhani hakuna gari dogo lililofikiriwa vizuri kama lile, lakini lina viti viwili na mimi nina watoto wawili. Iliyonipa wasiwasi kweli ni Vitz RS ya kwanza, ile ya cc 1,500 ya manyuo. Injini yake ni 1NZ, ile ile ya IST, kwa hiyo spea unazipata mpaka Mombo stendi. Nyepesi kuliko Swift. Nimeendesha moja ya mwalimu mwenzangu kutoka Muheza mpaka Tanga. Usukani ulikuwa bubu. Tairi zingeweza kuwa juu ya barafu au juu ya lami, mikono isingejua. Nilisikitika, maana vingine vyote vilikuwa mahali pake.

Nguvu ndogo hainitishi hata kidogo. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda Safari Rally na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, injini ya lita 1.6, na aliyemfuata, Björn Waldegård, alikuwa kwenye Porsche 911. Baba na wenzake walilisimulia lile shindano kwenye vibanda vya chai kama watu wanavyosimulia fainali ya kombe. Kigari chepesi, dereva anayekielewa, njia ya Afrika Mashariki. Ukubwa wa injini ile na wa hii yangu karibu ni mmoja.

Sasa mabaya yake, na yapo.

Liko chini mno kwa nchi hii. Matuta ya barabarani ambayo kila kijiji kimejijengea, lazima niyapande mshazari, gurudumu moja moja, na bado mara mbili bampa imekwaruza. Njia ya kwenda Irente baada ya mvua naliacha nyumbani, natembea. Tairi ni 195/50 za inchi 16, nyembamba ubavuni, kwa hiyo shimo dogo linasikika kwenye meno na shimo kubwa linapinda rimu. Moja nimeshainyoosha Tanga kwa elfu thelathini. Abiria wa nyuma hawalipendi gari hili. Mama mkwe alisafiri nyuma mara moja tu mpaka Korogwe, na aliposhuka alisema kwa upole, "Mwanangu, safari ijayo nitakuja na basi." Buti linaingia gunia moja la viazi na mfuko wa shule, basi, ukitaka zaidi unalaza viti.

Injini yenyewe haijanisumbua. Ina cheni ya taimingi, kwa hiyo hakuna habari ya kubadili mkanda kila baada ya muda, ila oili lazima iwe safi na kwa wakati, mimi kila kilomita 5,000. Suzuki waliitengeneza kwa petroli ya oktani ya juu. Nikijaza kituo ninachokiamini inatulia. Nikijaza pasipoeleweka, mlimani kwenye gia ya tatu nasikia kagongo kadogo, nashusha gia mara moja. Safari ya Tanga inanipa kilomita 13 na kitu kwa lita, na huku mlimani 10, wakati mwingine chini ya hapo nikiwa na furaha. Spea: milango, boneti, kioo cha mbele vinaingiliana na Swift za kawaida, na vitu kadhaa vya injini vinaingiliana na Escudo ya 1.6. Vilivyo vya Sport peke yake, kama bampa na breki za nyuma za diski, ni kuagiza au kuzunguka Ilala siku nzima ukiwa na sampuli mkononi. Bushi za mbele nilisubiri wiki tatu.

Nilipokuwa nazisubiri hizo bushi, nikiwa nasahihisha mitihani usiku, nilianza kuchora nyuma ya karatasi gari ambalo ningelitaka mtu alitengeneze. Sikuchora umbo. Nilianza na uzito, kilo 950, usizidi. Kuupata si miujiza: punguza viti vya umeme, punguza skrini, punguza rimu kubwa. Injini ya lita 1.5 isiyo na tabo, ya kunyonya hewa yenyewe, ambayo fundi wa Korogwe anaweza kuifungua bila kompyuta, na spea zake ziwe za gari linalouzwa kwa wingi, kama 1NZ ilivyo leo. Nguvu 110 zinatosha. Gia tano za mkono, ila ya tano iwe ndefu kuliko ya Swift yangu, maana kwenye barabara kuu ya Segera injini inapiga kelele mpaka mazungumzo yanakatika. Gari liinuliwe sentimita tatu, na tairi ziwe 185/60 za inchi 15, zenye nyama ubavuni, ambazo kila duka la tairi linazo. Wataalamu watasema ukiinua gari unaharibu kona. Utaharibu kidogo. Kilo mia zilizoondoka zitarudisha zaidi ya ulichopoteza, na shokapu nzuri zitamalizia kazi. Pesa ya mapambo yote ipelekwe kwenye shokapu.

Magurudumu yanayosukuma nimebishana nayo sana moyoni. Nyuma ndiyo raha ya dereva, kila anayejua atakuambia. Lakini mfumo wa nyuma unaongeza shafti, difu, uzito na bei, na kwenye tope letu unadai tairi mpya kila msimu wa masika. Mimi nachagua mbele, almradi nyuma iwe hai kama ya Swift, inayokubali kugeuka ukiinua mguu. Breki ya mkono iwe ya kuvuta kwa mkono, si kitufe. Kwenye foleni ya mlimani nyuma ya Fuso, hiyo ndiyo inayokuokoa klachi. Na vioo vya pembeni viwe vikubwa. Dereva anayefurahia kona anatakiwa kumwona bodaboda anayekuja nyuma yake.

Bei niliandika milioni 15, likiwa na namba. Nikaizungushia duara mara tatu.

Hakuna anayeliuza gari hilo leo. Lililo karibu nalo zaidi, kwa pesa hiyo au pungufu, ni hili nililonalo, na kwa mtu wangu yule wa mwanzo ninalipendekeza kwa moyo wote, akijua kuhusu matuta na kuhusu mama mkwe. Unapoenda kulitazama la kwako, hakikisha ni la manyuo, kwa sababu Sport zilitoka na otomatiki ya gia nne pia, na hiyo inaua nusu ya sababu ya kulinunua. Liwashe likiwa baridi, likae nyutro. Ukisikia mkwaruzo unaonyamaza ukikanyaga klachi, beringi ya giaboksi imeanza kuchoka, na bei ishuke. Kataa kulijaribu kwenye barabara iliyonyooka peke yake. Tafuta kona, hata ya mzunguko, uinue mguu katikati yake uone nyuma inafanya nini. Halafu lala chini, na uwe umebeba kitambaa chenye petroli, ufute shokapu.